Plagi Niliyokataza Isiguswe

Siku tuliyotakiwa kwenda mji mdogo wa Kiwanja kumtoa mama yangu, taa za breki za tela zilikataa kuwaka. Za gari ziliwaka vizuri. Ukikanyaga breki, pikapu yetu ya zamani ilitoa taa mbili nyekundu nyuma, safi kabisa, na tela lililofungwa nyuma yake likabaki giza. Nasema hili mapema ili ijulikane kwamba tangu alfajiri njia rahisi ilikuwepo, na aliyeikataa ni mimi.

Mama aliishi peke yake karibu na soko la Kiwanja. Nyonga ilikuwa imemharibikia, na bila mtu wa kumshika hakuweza kutoka chumbani zaidi ya kufika barazani. Waasi walikuwa wameanza kushuka milimani. Watu waliokuwa na miguu mizima walishaondoka, na wale wasiokuwa nayo walingoja watoto wao. Mama alikuwa na mimi tu, kaka zangu wote wakiwa mbali.

Wiki ile jeshi lilizuia magari kwenda moja moja. Mlijipanga msafara kwenye bariere, kizuizi cha kutokea mji wetu wa Goma, saa nne asubuhi, askari mbele na askari nyuma, mkafuatana hadi Kiwanja na kurudi mchana uleule. Siku chache kabla, lori lilikuwa limeligonga basi dogo katikati ya msafara, ndani ya vumbi, kwa sababu basi halikuwa na taa za breki. Baada ya hapo askari mmoja alipewa kazi ya kupita nyuma ya kila gari na kila tela na kusema: kanyaga. Isipowaka unatoka kwenye mstari. Watu walijaribu kumpa kitu kidogo akakataa, na jambo hilo lilituogopesha kuliko bunduki yake.

Saa kumi na mbili nilipanda kwenye usukani, nikakanyaga, mume wangu akiwa amesimama nyuma.

"Ya gari inawaka," akasema. "Ya remorque hapana."

"Angalia muzuri."

"Mama, niko na macho."

Ananiita Mama tangu mtoto wetu wa kwanza azaliwe, nami namwita Papa, na siku za hasira heshima hiyo inatusaidia tusiitane mengine. Alikuja hadi dirishani, akaegemea mlango.

"Tuachilie hii remorque hapa. Twende na gari tupu. Mama yako atakaa katikati yetu, tunarudi naye. Kwisha."

"Na maharagi?"

"Itabaki."

"Itabaki na nani?"

Jibu tulilijua wote wawili. Maharagwe yale yalikuwa yangu. Mavuno yalipotoka nilikuwa nimenunua magunia na kuyapanga katika chumba cha wageni cha mama, nikisubiri bei ipande, na biashara yangu yote ya soko la Birere ilikuwa imelala pale sakafuni. Lakini sikusema hivyo. Nilisema mama hatakubali kuacha kitanda chake na mashine yake ya kushona, na kwamba mtu mzima hawezi kutolewa nyumbani kwake kama kuku. Mama mwenyewe sikuwa nimemuuliza.

Mume wangu akachukua bisibisi, akaenda nyuma.

Ni lazima nieleze habari za tela hili. Mwaka ule mlima wetu wa volkano ulipopasuka na moto ukashuka hadi katikati ya mji, tulikuwa na tela lingine. Tulilipakia vitu vyote vya duka kwa haraka, kisha tukashindwa kuliunganisha na gari. Ulimi wake, chuma cha kuvutia, ulikuwa umelala juu ya mawe. Wanaume wawili waliunyanyua, gari likarudi nyuma kidogo sana, kisha kupita kiasi, kisha kombe la ulimi likakataa kukaa juu ya mpira wa chuma wa gari, na huku nyuma ya nyumba za avenyu ya pili miti ilikuwa inaanguka kwa joto. Tuliliacha. Liko chini ya mawe ya moto ule hadi leo, na juu yake mtu amejenga duka la kuuza saruji. Nikipita pale nageuza uso.

Tangu hapo kila mwenye gari Goma ana ugonjwa mmoja. Gari linalala likiangalia barabara. Hata mgeni akija kunywa chai, atageuza kwanza, azime, ndipo abishe hodi. Mimi ugonjwa huo ulinizidi. Niliponunua tela jipya niliamuru likae limeunganishwa na gari mchana na usiku, na plagi ya umeme iwe imechomekwa daima. Nilichukua mipira ya ndani ya tairi za baiskeli, nikaikata vipande virefu, nikaizungushia plagi ile mwenyewe, fundo juu ya fundo. Nikasema asiiguse mtu. Tulikwenda nalo sokoni, tulikwenda nalo kanisani, tulikwenda nalo matangani likiwa tupu likiruka nyuma yetu. Majirani walituita watu wa gari ya mukia. Niliwaacha wacheke.

Basi mume wangu akaanza. Alitoa balbu za tela, akazigusisha kwenye betri, zikawaka. Akazirudisha, zikakataa. Akafungua kisanduku cha fyuzi, fyuzi ya breki ikawa nzima, jambo ambalo ningeweza kumwambia bila kufungua chochote, maana taa za gari zilikuwa zinawaka.

"Ni masse," akasema.

Masse ni ule upande wa umeme unaorudi betrini kwa kupitia mwili wa gari. Kwetu, ugonjwa wa gari usiojulikana huitwa masse, kama vile ugonjwa wa mtoto usiojulikana unavyoitwa minyoo. Akakwangua rangi ya ulimi wa tela hadi chuma kikang'aa, akatoa waya kutoka pale hadi betrini, akanipigia kelele.

"Kanyaga!"

Nikakanyaga.

"Achilia. Kanyaga tena. Iko inawaka kidogo, upande wa kushoto."

"Ya breki?"

"Hapana, ya usiku. Lakini inaanza kuongea."

Nilimwambia sihitaji iongee, nahitaji iwake. Alicheka. Kicheko chake kilinichoma, kwa sababu saa ilikuwa inaelekea mbili.

Kisha akalala chini ya tela kufuata nyaya. Hapo ndipo nilipoanza kukata tamaa. Kila fundi aliyewahi kutengeneza tela lile alikuwa ameunga waya aliokuwa nao siku hiyo. Waya uliotoka mbele ukiwa mwekundu ulifika katikati ukiwa wa bluu, ukaendelea kama waya wa simu, ukamalizikia kwenye taa ukiwa mweusi. Rangi hazikuwa na maana yoyote. Mume wangu alikata kiungo kimoja kimoja, akakwangua, akaunga tena. Alipomaliza, nikikanyaga breki ikawaka indiketa ya kulia.

Nilishuka garini nikaenda kusimama juu ya miguu yake iliyokuwa imetokeza.

"Papa, unajua kitu gani unafanya?"

"Minatafuta."

"Unatafuta ao unaharibu?"

Alitoka taratibu, suruali yake ya kanisani ikiwa imejaa vumbi jeusi la mawe yetu. Akaangalia lile bonge la mipira mbele ya tela, kisha akaniangalia.

"Labda tufungule prise, hii plagi."

"Hapana."

"Kuangalia tu."

"Nilisema hapana. Kila kitu kingine, ile hapana."

Sikuwa na sababu ya ufundi. Nilikuwa naogopa. Wiki ile mlima ulikuwa unawaka juu yetu kila siku, watu wakitazama rangi ya moshi kabla ya kusalimiana, na waasi nao wanashuka, na mimi akilini nilikuwa na fundo moja tu ninaloliamini. Nilihisi likifunguliwa tu, yatatukuta yaleyale. Najua ni ujinga. Asubuhi ile haukuonekana ujinga, ulionekana ni busara ya mtu aliyewahi kuungua.

Mume wangu alinyanyua mabega akarudi chini. Saa tatu na kitu aliunga nyaya mbili ambazo hazikutakiwa kukutana. Ikaruka cheche. Nilipokanyaga, akatoka chini ya tela, akainama nyuma ya gari.

"Sema."

"Sasa hata ya gari haiwake."

Fyuzi ilikuwa imekatika, na ya akiba hatukuwa nayo. Akafanya kile wanachofanya wote: akachuna nyuzi za shaba kwenye kipande cha waya, akazikunja, akaziweka mahali pa fyuzi. Nikakanyaga. Chini ya dashibodi ukatoka moshi mwembamba wenye harufu ya plastiki, nami nikaruka nje. Waya wa swichi ya breki ulikuwa umeungua. Sasa gari lilikuwa kipofu sawa na tela, na njia ile rahisi ya kwenda na gari tupu ilikuwa imefungwa. Niliikataa alfajiri, na sasa nisingeipata hata kama ningeitaka.

Nilimtukana mume wangu. Nilimwambia kwao hata redio haijawahi kutengenezwa ikaimba, kwamba amezaliwa kubeba, si kufikiri, kwamba akifa mama yangu, bisibisi ile nitaizika mkononi mwake. Alifuta mikono kwenye suruali. Akarudi chini ya tela, na hilo likanikasirisha zaidi, kwa sababu mtu asiyejibu anakuacha na maneno yako mwenyewe.

Saa nne ilifika. Jirani mwenye pikipiki alitoka upande wa bariere akatuambia msafara bado umesimama, kamanda hajafika. Nilimshukuru Mungu kwa uzembe wa nchi yetu. Saa nne na nusu simu ikaita. Alikuwa mama.

"Mumeshatoka?"

Kwetu swali hilo lina jibu moja. Mtu anakuambia yuko njiani akiwa bado na sabuni usoni, nawe unajua, naye anajua kwamba unajua. Lakini mama alikuwa mtu wa zamani. Akiambiwa kitu, alikichukua kama kilivyo.

"Ndiyo, mama. Tuko njiani. Tumeshapita Kibumba."

"Munafika lini?"

"Sasa hivi."

Nyuma ya sauti yake kulikuwa na kelele za watu na injini ya gari ikinguruma.

"Sawa. Minawangojea hapa inje," akasema, akakata.

Mume wangu alikuwa amesikia. Alisema polepole, "Ungemwambia ukweli." Nikamwambia atengeneze gari, ukweli utakuja wenyewe.

Kelele zangu zilikuwa zimevuka ukuta. Mzee jirani akaingia uani, amevaa kanzu na kofia yake, mikono nyuma. Ni wa familia za Kiislamu zilizotoka mkoa wa Maniema zamani, na aliendesha malori tangu ujana wake, wakati ambapo barabara ya Kisangani ilikuwa bado barabara. Alitusalimu, akauliza habari za watoto mmoja mmoja, nami nikajibu kwa haraka. Hakuinama. Alimuuliza mume wangu kama mwalimu.

"Asubui, kabla munaharibu, moto ya umeme ilikuwa inatoka kwa gari?"

"Ilikuwa inatoka, muzee."

"Inafika kwa remorque?"

"Haifike."

"Sasa ilikuwa inapotelea fasi gani?"

Mume wangu alitazama mbele ya tela. Mzee akanyoosha mguu, akagusa bonge la mipira kwa ncha ya ndara.

"Na hii mutoto, nani alimubeba ku mugongo namna hii?"

Mume wangu hakusema ni nani. Namheshimu kwa hilo hadi leo. Nilisema mwenyewe.

"Ni mimi, muzee."

"Mama, lete wembe."

Nilileta. Alikata fundo langu la kwanza, la pili, la tatu. Mipira ya ndani ilikuwa imeshikamana kwa joto la miaka na ilibidi aichune. Ilipotoka ya mwisho, maji ya rangi ya kutu yalimwagika juu ya jiwe. Aliivuta plagi, ikatoka nusu, nusu nyingine ikabaki upande wa pili. Ndani kulikuwa na unga wa kijani na mweupe. Pini mbili zilikuwa zimeliwa hadi mzizi na zilizobaki zilikuwa zimeunganishwa na ule unga, ndiyo maana ukikanyaga hiki kinawaka kile. Mvua yetu, upepo ukitoka mlimani, hushuka na majivu. Inatoboa mabati, inachachua maji ya tangi. Kwangu ilikuwa imeingia kidogo kidogo kwenye plagi, na mipira yangu haikuizuia kuingia. Iliizuia kutoka.

"Kikulacho ki nguoni mwako," mzee akasema, bila ukali.

Alikata plagi yote akaitupa. Akaunga nyaya za gari moja kwa moja na nyaya za tela, akitafuta kila mmoja kwa balbu ndogo yenye mikia miwili aliyoitoa mfukoni mwa kanzu. Akatuma kwake kuletwe fyuzi na kipande cha waya, akarekebisha kile kilichoungua chini ya dashibodi. Mikono yake haikuwa na haraka. Nilikuwa nauma kucha, namtazama, nataka kumsukuma na nataka kumpigia magoti. Saa sita kasoro robo nilikanyaga, na mume wangu akasema kutoka nyuma, "Yote." Hakusema kwa furaha.

Tulikwenda mbio hadi bariere, tela likiruka nyuma. Barabara ilikuwa wazi, na uwazi huo uliniambia kabla sijafika. Askari mwenye kazi ya taa alikuwa amekaa kwenye jiwe anakula mahindi ya kuchoma. Aliinuka kwa mazoea, akapita nyuma yetu.

"Kanyaga."

Mume wangu akakanyaga.

"Iko muzuri sana," askari akasema. "Lakini convoi ilienda saa tano. Murudie kesho."

Nilimwomba atuache tuufuate. Nilimwambia mama yangu amekaa nje, hawezi kutembea. Alinitazama kwa huruma, nafikiri ilikuwa huruma ya kweli, akasema gari moja peke yake halipiti. Kesho.

Kesho haikuwepo. Usiku ule Kiwanja ilichukuliwa, barabara ikafungwa, na simu ya mama ikawa haipatikani. Sitaandika mengi kuhusu wiki zilizofuata. Nilikwenda Birere kuuliza kila mtu aliyetoka upande ule kama amemwona mwanamke mnene mwenye fimbo. Wengine walisema wamemwona, kwa kuwa hawakupenda kunivunja moyo. Mume wangu hakunikumbusha neno hata moja la asubuhi ile, na mara nyingi nilitamani anikumbushe ili tugombane.

Mama alikuja wiki ya saba, mchana, kwenye pikipiki. Walikuwa wamempitisha njia za mashambani, akiwa katikati ya dereva na mwanamke mwingine, amefungwa kitenge kiunoni kwa dereva ili asianguke. Hakuwa mnene tena. Tulimshusha kwa kumbeba, mume wangu na mimi, tukamweka kwenye kiti uani, na miguu yake ilikuwa imevimba hata viatu havikuvulika. Maharagwe, alisema kabla sijauliza, yaliliwa na watu waliokimbilia nyumbani kwake, na alifurahi kwamba yalikuwepo. Kitanda na mashine ya kushona hakuvitaja kabisa.

Nilimpa chai. Alikunywa, akapumua, akaanza kusimulia ile siku, kwa utulivu, kama anayesimulia habari za harusi.

"Bapadri balikuya na camionnette yabo. Balikuwa banakimbia. Balisema, mama, fasi iko moja, pale mbele, panda. Balishanishika mukono. Njo nikasema mungoje, nipigie kwanza mutoto wangu, asikuye akute sipo, atasumbuka na njia ya bure."

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni na birika.

"Nikakupigia," mama akasema. "Nikabaambia bapadri, muende, mupatie mutu mwingine ile fasi. Mutoto wangu ameshapita Kibumba."

Alinyoosha kikombe nimwongezee. Nilimwongezea, na nyingine ikamwagika kwenye sahani. Kisha akaniuliza, bila kunilaumu, kwa sababu tu kwa wiki zote zile alikuwa amefikiri juu yetu na alitaka kujua.

"Gari iliwaharibikia pale Kibumba?"

Nilisema ndiyo, mama, ilituharibikia pale.